FANI YA MIONZI: NJIA YA KUJIUNGA NA MATARAJIO YAKE





Matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, wazazi hutujia madrasa na swali moja: "Ustadh, mtoto huyu tumpeleke wapi?" Wengi hutaja udaktari, unesi na ualimu. Fani ya mionzi haitajwi, ingawa ni nadra kukuta familia ambayo hakuna mtu wake aliyewahi kuagizwa eksirei au altrasaundi. Tumeona tuieleze hapa kwa ufupi, inshaallah.

1. Fani hii ni nini?

Mionzi ya eksirei iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen mwezi Novemba 1895, naye akapata tuzo ya kwanza ya Nobel ya Fizikia mwaka 1901. Karne nyingi kabla yake, mwanachuoni wa Kiislamu Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Cairo, aliandika kitabu kikubwa juu ya mwanga na kuona. Kuuchunguza mwanga na miale, basi, si jambo geni katika historia yetu.

Mtaalamu wa mionzi ndiye anayempanga mgonjwa mbele ya mashine, anayepima kiasi cha mionzi na kupiga picha. Daktari bingwa wa radiolojia ndiye anayeisoma picha na kuandika majibu. Hao ni watu wawili tofauti, na wa pili husomea udaktari kwanza.

Mashine nazo zinatofautiana. Eksirei na CT hutumia mionzi. Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, na MRI hutumia sumaku yenye nguvu.

2. Je, si kazi ya hatari?

Swali hili huulizwa sana na akina mama. Jibu ni kwamba mionzi ina madhara ikitumiwa ovyo, na ndiyo maana kazi hii inasomewa. Mtaalamu hujikinga kwa mambo matatu: kupunguza muda, kukaa mbali na kuweka kizuizi, kama vile ukuta maalumu au aproni ya risasi. Pia huvaa kifaa kidogo kifuani kinachopima mionzi aliyoipata. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ndiyo inayosimamia usalama huo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003. Na mama mwenye ujauzito, au anayehisi anao, aseme kabla ya kupigwa picha.

3. Sifa za kujiunga

Hapa tunaomba msomaji asome kwa makini. Stashahada ya radiografia huchukua miaka 3. Mwombaji awe na ufaulu wa kidato cha nne katika masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwemo Fizikia, Kemia na Baiolojia. Hisabati na Kiingereza humwongezea nafasi.

Maneno "yasiyo ya dini" yana uzito kwetu. Tumewaona vijana wenye alama A ya Elimu ya Dini ya Kiislamu wakidhani itawabeba. Alama hiyo ni heri na tunaifurahia, lakini katika hesabu ya masomo manne haimo. Na mwanafunzi anayeikimbia Fizikia kwa kuwa ni ngumu, mlango huu ameufunga mwenyewe mapema. Ratiba ya madrasa isiwe kisingizio. Tuko tayari kukaa na mzazi na kuipanga upya ili mtoto apate muda wa sayansi.

Kwa shahada, mwombaji apitie kidato cha sita kwa Fizikia, Kemia na Baiolojia, au ajiendeleze kutoka stashahada yenye ufaulu mzuri.

4. Vyuo na gharama

Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, kinafundisha stashahada ya radiografia na pia shahada ya tiba kwa mionzi. Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Bugando. Hiki ni cha Maaskofu Katoliki, lakini hupokea wanafunzi wa dini zote. Mtoto wa Kondoa au Mpwapwa atakayepata nafasi huko atahitaji nauli, chakula na malazi, hivyo familia ianze kuweka akiba mapema.

Kabla ya kulipa ada kwenye chuo chochote, hakikisheni kozi yenyewe imesajiliwa na NACTVET. Someni pia mwongozo wa udahili wa mwaka husika, kwani masharti hubadilika.

Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada mwaka 2023, na fani za afya zikawemo. Wazazi wanaochelea riba wajue kwamba ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Hata hivyo, masharti yasomwe na masheikh waulizwe kabla ya kutia saini.

5. Ajira ikoje?

Mhitimu husajiliwa kwanza na baraza la taaluma lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Bila usajili haruhusiwi kufanya kazi.

Nafasi zipo katika hospitali za serikali, za mashirika ya dini na za binafsi. Hapa Dodoma tuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyozinduliwa 2015, yenye mashine za CT na MRI. Mwaka 2021 serikali ilipata shilingi trilioni 1.3 za kukabiliana na UVIKO-19, na sehemu yake ikanunua mashine za CT na eksirei za kidijitali. Kila mashine inahitaji mtu wa kuiendesha.

Hata hivyo tusidanganyane. Ajira za serikali hutoka kwa awamu, na wapo wahitimu wanaosubiri. Anayekubali kwenda wilayani, na anayejiongezea ujuzi wa altrasaundi au CT, huwa na njia nyingi zaidi.

6. Neno kwa mabinti na wazazi wao

Tunasikia kina mama wakilalamika kwamba wamepimwa na mwanamume vipimo vya sehemu za siri au vya matiti. Wakati huohuo baadhi yetu tunawazuia mabinti kusoma sayansi. Huyo mpimaji mwanamke atatoka wapi? Imamu Ghazali aliihesabu tiba kuwa ni fardhi kifaya: wakitosheleza wachache, wengine husamehewa, wakikosekana kabisa, dhambi ni ya wote. Binti mwenye stara na elimu, akimpima mama wa Chamwino kwa heshima, anatuondolea sote mzigo huo.

Basi aliye kidato cha kwanza au cha pili aanze leo na kitabu cha Fizikia. Mwenye swali atuone baada ya darasa la Alasiri, yeye na mzazi wake.

Wabillahi tawfiq.