Kupatana Bei kwa Kihispania

Mgeni aendaye Granada, mji wa Andalusia ambao Waislamu waliuita Gharnata, hakosi kufika Alcaicería. Hapo palikuwa soko la hariri zama za utawala wa Waislamu, uliokoma mwaka 1492. Majengo yake yaliteketea kwa moto mwaka 1843 yakajengwa upya, na leo vichochoro vyake huuza taa, mikoba ya ngozi na visanduku vya nakshi. Familia inayokusudia safari hiyo yafaa ijue maneno machache ya kununulia, kwani fedha za msafiri huwa na mpaka, na si kila kinachouzwa huko ni halali kuliwa.

Kihispania hakiko mbali nasi kama tunavyodhani. Kiliishi jirani na Kiarabu kwa karne nyingi, nasi tumechota katika kisima hicho hicho. Sukari kwao ni azúcar. Arroba, kipimo chao cha kale cha uzito, ni ndugu wa robo yetu. Matamshi nayo hayatamsumbua mtoto wa madrasa: j husomwa kama kha, z, na c inayotangulia e au i, husomwa kama tha ya thamani, h haitamkwi.

Tuanze kwa salamu: Buenos días asubuhi, Buenas tardes baada ya adhuhuri. Kisha tuulize bei: ¿Cuánto cuesta? (kwanto kwesta). Ikizidi uwezo wetu: Es caro para mí (es karo para mi), ni ghali kwangu. Kuomba kupunguziwa: ¿Me puede hacer un descuento? (me pwede ather un deskwento). Mwenye bei yake na aitaje: ¿Me lo deja en veinte euros? (me lo dekha en beinte euros), waniachia kwa euro 20? Tukiafikiana: Me lo llevo (me lo yebo), nakichukua. La sivyo: Gracias, lo voy a pensar, asante, nitafikiri kwanza.

Hata hivyo, si kila mahali pa mapatano. Supamaketi na maduka yenye bei zilizobandikwa hayapunguzi. Huko husubiriwa rebajas, misimu ya bei nafuu, ambayo kwa desturi huanza Januari na Julai. Mapatano hufaa zaidi katika masoko ya vitu vikuukuu, kama El Rastro la Madrid siku ya Jumapili, na kwa wauza zawadi, hasa anayenunua zaidi ya kimoja.

Wasafiri hufundishwa pia kusema: Lo he visto más barato, nimekiona kwa bei nafuu zaidi. Sentensi hii tuitumie pale tu ilipo kweli. Uongo hauwi halali kwa kusemwa kwa lugha ya kigeni, na watoto walio kando yetu watashika tabia kabla ya maneno. Vilevile tujihadhari na neno mezquino. Asili yake ni moja na maskini wetu, lakini huko maana yake ni bahili au mtu duni. Muuzaji akiambiwa hivyo, ametukanwa.

Yako maswali yasiyosahaulika mbele ya chakula: ¿Lleva cerdo? (yeba therdo), kina nguruwe? na ¿Lleva alcohol?, kina kileo? Polvorones na mantecados, vitamu vinavyojaa madukani kuelekea Krismasi, kwa desturi hutengenezwa kwa manteca de cerdo, yaani mafuta ya nguruwe, na jicho haliwezi kuyaona. Kwa nyama tuulize: ¿Tiene carne halal?

Tunawashauri wazazi wayaandike maneno haya katika karatasi na kuyazoea nyumbani, mmoja akiwa muuzaji na mwingine mnunuzi, siku kadhaa kabla ya safari.