Kusoma Saa za Ndege: Nairobi hadi New York

Kikundi kimoja cha akina mama hapa Saboti kilichanga pesa kumsindikiza kijana wao aliyekuwa anaenda Marekani kusoma. Tiketi ilisema Jumapili, 00:40. Wakakodi matatu, wakatoka Jumapili baada ya ibada, wakafika uwanja wa ndege Nairobi jioni wakingojea saa sita usiku. Kumbe ndege ilikuwa imeondoka usiku wa kuamkia siku hiyo! Tiketi nyingine ikanunuliwa kwa akiba ya kikundi, zile pesa zilizokuwa za mbolea.

Kosa si la kukosa akili. Sisi tunahesabu saa kuanzia asubuhi, lakini tiketi inahesabu kuanzia katikati ya usiku. Kwa hiyo 00:40 ya Jumapili ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Jumapili. Nyumbani unatoka Jumamosi. Njia rahisi ni hii: namba ya saa ikiwa sita au chini, ongeza sita. Ikizidi sita, toa sita. Na ikibaki zaidi ya kumi na mbili, toa kumi na mbili tena. Basi 23:00 ni saa tano usiku.

Sasa safari yenyewe. Kutoka Nairobi hadi New York ni karibu kilomita 11,800. Tangu Oktoba 2018 Kenya Airways inapeleka ndege moja kwa moja bila kutua njiani, na inachukua kama masaa 15. Kurudi ni kama 14. Barabara ni ile ile, ila huko juu, kilomita kumi hivi kutoka ardhini, upande wa kaskazini kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi. Ukienda unakupinga, ukirudi unakusukuma.

Lakini ukisoma karatasi utashangaa. Tuseme ndege inatoka Nairobi 23:00 mwezi wa Januari. Itaandikwa inafika 06:00. Watu wanasema, "Ah, masaa saba tu!" Hapana. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji ule ule uliotajwa. Ndege ikitua huko alfajiri, hapa kwetu ni saa nane mchana, maana wakati huo New York iko nyuma yetu masaa 8. (Kuanzia Machi hadi mwanzo wa Novemba ni 7, kwa sababu wao husogeza saa zao.) Kurudi, inatoka huko 12:00 na kufika Nairobi 10:00 kesho yake, kama kwamba imekaa angani masaa 22! Kwa hiyo mama asianze kulia saa moja asubuhi ati mtoto hajapiga simu. Bado yuko hewani.

Tena msisahau barabara yetu. Kitale hadi Nairobi ni kama kilomita 380, na matatu inaweza kumaliza masaa manane, zaidi kama kuna msongamano baada ya Nakuru. Uwanjani unatakiwa masaa matatu kabla. Kwa ndege ya saa tano usiku, uwe pale saa mbili. Basi ondokeni Kitale saa moja asubuhi, msingoje saa nne. Mwenye uwezo anaweza kupanda ndege Eldoret, ambayo hufika Nairobi kwa muda usiozidi saa moja, lakini wasindikizaji watamuagia huko huko Eldoret.