Muchezo Mumoja, Mashini Mbili

"Papa, utuuzie tu ordinatere. Ile konsoli haiko tena na nguvu."
"Na kurani ya kuilisha itatoka wapi, mwanangu?"

Mabishano ya namna hii tunayasikia katika nyumba zetu za Kolwezi na Likasi, na mara nyingine baba na mutoto wanaenda kulala bila kupatana. Feza ya mashini inatoka katika mufuko ule ule wa feza ya masomo. Basi, vijana na wazazi, tuangalie mambo yenyewe.

Muchezo wa video ni picha zinazofuatana mbio. Mashini ikichora picha 30 kwa sekunde, macho yanakubali. Ikichora 60, mukono na picha vinaenda pamoja. Lakini hapo iko na milisekunde 16 hivi tu kwa kila picha. Ikichelewa, muchezo unakatika-katika sawa gari lenye mafuta machafu.

Konsoli za aina moja zote zinafanana. PlayStation 4 ya mwaka 2013 iko na gigabaiti 8 za kumbukumbu, kwako na kwa jirani yako, na mutengenezaji wa michezo anajua mapema atakuta nini ndani. Ordinatere haziko hivyo: mumoja aliweka karta ya picha yenye nguvu, mwingine hana hata moja. Ndiyo maana vijana wengi wanasema ordinatere inashinda siku zote.

Mwaka 2020 ulionekana kuwapa haki. Tarehe 10 Desemba, kampuni CD Projekt ya Poland ilitoa muchezo Cyberpunk 2077. Kwenye ordinatere zenye nguvu, ule muji wake mukubwa ulipendeza sana, hata kama makosa hayakukosa. Kwenye PlayStation 4 ya kwanza, picha zilishuka mara nyingine chini ya 20 kwa sekunde. Diski yake inayozunguka haikuweza kuleta barabara na nyumba upesi, na prosesa yake ilikuwa imechoka. Siku 4 kisha, kampuni iliomba musamaha, ikakubali kwamba ilipaswa kuonyesha muchezo kwenye konsoli za zamani mbele ya kuuzisha. Tarehe 17 Sony ilitangaza kuuondoa katika duka lake la intaneti na kurudisha feza kwa wenye kuomba. Muchezo ulirudi humo mwezi wa Juni 2021.

Lakini mwenye ordinatere asicheke sana! Tarehe 23 Juni 2015 ilitoka Batman: Arkham Knight. Kwenye konsoli, picha 30 kwa sekunde, bila shida kubwa. Kwenye ordinatere, hata zile za bei kali, ulikwama-kwama, na juu ya ile walikuwa wameufungia picha 30. Kesho yake Warner Bros. ilisimamisha kuuzisha, mupaka mwezi wa Oktoba. Nguvu ilikuwamo ndani ya mashini; kazi ya kuuhamisha muchezo ndiyo ilifanywa vibaya.

Tena kuko mambo ambayo matangazo hayasemi. PlayStation 5 inakula wati 200 hivi wakati wa kucheza. Ordinatere ya mezani yenye karta kubwa inaweza kupita 400, bila kuhesabu ekra. Ordinatere ya kubeba iko na betri (na kobalti yake, nani anajua, pengine ilitoka chini ya miguu yetu), lakini kurani ikikatika, nyingi zinajipunguzia nguvu ili betri idumu, na muchezo unakuwa mzito palepale.

Kwa maoni yangu, nyumba yenye watoto wanaosoma ichukue ordinatere, kwa sababu itaandika pia kazi za shule. Lakini kwanza muulize jina la karta ya picha, mulilinganishe na yale muchezo unaomba. Mwenye PlayStation 4 ya mukono wa pili abaki na michezo iliyotengenezwa kwa ajili yake. Iko mingi na mizuri.

Na vumbi letu! Linaziba feni, mashini inapata moto, kisha inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Mbele ya kutoa feza, muombe muuzishaji aiwashe na kuchezesha nusu saa, mukisikiliza ile feni.