Ugomvi Utashinda, Dhahabu Je?

Mwezi huu nakuletea mwanamieleka ambaye kila mwenye ndoa changa anapaswa kumjua.

Anaitwa Martin Klein, Mwestonia aliyezaliwa mwaka 1884. Enzi zake Estonia ilitawaliwa na Urusi, naye alicheza mieleka ya ridhaa, ile isiyo na malipo. Julai 1912, mwezi ambao kwetu Ipililo kule Maswa watu wameshavuna na ngoma zinaanza kurindima, Klein alikuwa Stockholm, Sweden, kwenye nusu fainali ya Olimpiki dhidi ya Mfini, Alfred Asikainen.

Pambano halikuwa na kikomo cha muda. Saa ya kwanza ikapita, ya tano, ya kumi, wamekamatana juani. Kila nusu saa wanapumzishwa kidogo, wanarudi. Baada ya saa 11 na dakika 40, Klein akashinda. Sasa sikia: alikuwa hoi, fainali hakuiweza! Dhahabu ikaenda kwa Claes Johanson wa Sweden. Klein akaambulia fedha, Asikainen shaba.

Kwenye michezo hiyohiyo, Anders Ahlgren na Ivar Böhling walikamatana saa 9 nzima katika fainali ya uzito mwingine, hakuna aliyeshinda. Wote wakapewa fedha, dhahabu haikutolewa kabisa.

Kwetu Usukumani, Bagika na Bagalu wakishindana ngoma, wanacheza kwa wakati mmoja na mshindi ni kundi linalovuta watu wengi. Yaani hata uwe mkali vipi, watu wakikukimbia umeshindwa.

Nyumbani je? Umembana mumeo kuhusu hela aliyomkopesha rafiki yake, ukamkumbusha na ya mwaka juzi. Saa nane usiku kanyamaza. Umeshinda! Asubuhi mnatakiwa mpange ada ya mtoto, na hakuna mwenye hamu ya kumtazama mwenzake. Fainali yenu ndiyo hiyo, na mmeifikia hoi.

Mimi na mume wangu tuna utaratibu: ikifika saa nne usiku, ugomvi unasimama, hata kama mmoja wetu anakaribia kumbwaga mwenzake. Kesho jioni tunaumalizia kwenye chai. Hoja nyingi zikilala usiku mmoja, asubuhi hata mwenyewe huzitaki.

Jaribuni wiki hii. Ila msije mkagombania nani apange saa!