Boma ndani ya Boma: Mabaki ya Dola katika Meru na Embu

Dola ya Kirumi ilipoporomoka, majengo yake mengi yalisalimika kwa kupewa kazi mpya. Huko Nîmes, kusini mwa Ufaransa, hekalu la Kirumi liitwalo Maison Carrée limewahi kuwa kanisa, zizi la farasi na hatimaye makumbusho. Lilidumu kwa kuwa kila kizazi kilililazimisha kutumika.

Katika nyanda za mashariki za Mlima Kenya, dola ilikuwa nyingine na muda wake ulikuwa mfupi mno. Waingereza waliingia Embu kwa mtutu wa bunduki mwaka 1906. Miaka miwili baadaye walifungua kituo Meru chini ya E. B. Horne, ambaye Wameru walimpa jina la Kangangi. Mojawapo ya majengo ya mawe ya kale zaidi mjini Meru ni iliyokuwa ofisi ya Mkuu wa Wilaya, iliyojengwa katika miaka ya 1910. Tangu 1974 jengo hilo ni makumbusho. Palipoamuliwa habari za kodi na kipande, sasa pamehifadhiwa vyombo na silaha za wale wale waliotozwa.

Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kulitazama jengo hili, nayo ni jina. Boma kwa asili ni ua wa miti au miiba unaozuia adui na kuhifadhi mifugo. Wakoloni walipojizungushia ngome zao, neno likahamia huko. Kisha likaitwa boma hata jengo la ofisi lisilo na ua wowote. Mtu akisema anaitwa boma, moyo ulimdunda. Wakati huo huo, kwa wakazi wa bara la Kenya, boma lilibaki kuwa makazi ya mtu na jamaa zake. Katika uwanja wa makumbusho ya Meru kumejengwa mfano wa makazi ya jadi ya Wameru: boma ndani ya Boma, maana ya kwanza ikiwa imekaribishwa uani kwa maana ya pili.

Kilatini nacho kilipitia njia hiyo. Castra, yaani kambi ya askari, imejificha katika majina ya miji ya Uingereza kama Manchester na Lancaster. Umbo la umoja, castrum, lilipitia lugha za Mashariki ya Kati likawa qasr kwa Kiarabu, na kwetu kasri. Kwa hiyo mshairi wa Kiswahili anaposifu kasri la mpenzi wake, bila kujua amekanyaga kambi ya Kirumi!

Si kila mtawala alikuja na rungu tu. H. E. Lambert, aliyewahi kuwa Mkuu wa Wilaya ya Meru, aliitafiti Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, na katika miaka ya 1950 akachapisha tafiti za lahaja za Kiswahili ambazo wanaisimu wangali wakizirejelea. Hata hivyo, elimu hiyo nayo ilitumikia utawala, na haifai kusomwa kana kwamba ilizaliwa maktabani.

Embu ilipata hadhi yake baadaye, ilipokuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki hadi serikali za kaunti zilipoanza mwaka 1963 ukiwa umepitwa na nusu karne, yaani 2013.

Wapo wanaoona kwamba jengo la mkoloni halistahili kutunzwa. Hoja yao ina uzito, lakini mawe hayana haja kubwa ya mtetezi, yatasimama. Kilicho hatarini ni ile nyumba ya uani. Nyasi huoza, miti huliwa na mchwa, na kila baada ya miaka michache lazima aitwe fundi ajuaye kuezeka. Kiswahili cha pwani kina fito, makombamoyo na mtambaapanya. Kimeru na Kiembu vina istilahi zao kwa kila kiungo cha nyumba, na wengi wa wazijuao ni wazee.