Usiku Mmoja Karibu na Uwanja wa Ndege

Akina mama wenzetu, wengi wetu siku hizi tunalazimika kulala hotelini au gesti karibu na uwanja wa ndege, ama kwa kusindikiza mgonjwa, ama kwa kumpokea mtoto anayerudi kutoka masomoni. Tukirudi nyumbani na kuulizwa tulilalaje, hujibu, "Vizuri tu, tunamshukuru Mungu," na habari inakwisha hapo. Safari hii tumeamua kusema yote, pamoja na yale yanayotuaibisha sisi wenyewe, kwa kuwa tunaamini yatamsaidia mama mwingine.

Kwa nini tulilala huko

Ilikuwa Januari 2025. Mama mkwe wetu, mzaliwa wa Bukoba, alikuwa amekaa nasi hapa Mafiga, Morogoro, kwa muda wa miezi mitatu akitibiwa kidonda cha mguu kilichosababishwa na ugonjwa wa kisukari. Kwa neema ya Mungu kidonda kilifunga, naye akaanza kuulizia migomba yake kila siku. Milima ya Uluguru anaipenda, lakini kwake ni kwake.

Safari ya basi kutoka Morogoro hadi Bukoba ni ya zaidi ya kilomita elfu moja. Mtu mwenye mguu uliopona juzi hawezi kukaa ameuning'iniza saa zote hizo bila kuuvimbisha. Basi wana wakachangishana, ikapatikana tiketi ya ndege kwa Mama na kwa wifi yetu, ambaye angemsindikiza hadi nyumbani. Sisi tungewafikisha uwanjani Dar es Salaam na kurudi. Tukawa wanawake watatu, kama mafiga yenyewe, maana wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu.

Ndege ilikuwa ya saa 12 asubuhi, na tulielezwa tuwe uwanjani saa 10 alfajiri. Kwa mtu wa Mafiga hapo hakuna ujanja, ni lazima kulala Dar es Salaam. Tunao ndugu Tegeta na wengine Mbagala, lakini tukasema ni mbali, tutawaamsha watu usiku wa manane. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli, ila haikuwa peke yake. Kulikuwa na maneno ya chinichini katika ukoo kuhusu nani alichanga na nani hakuchanga, nasi hatukutaka kuulizwa. Tukaona heri gesti, tulipe, tulale, tuondoke. Kiburi hicho kidogo tulikibeba pamoja na mizigo yetu.

Mapokezi

Tulipanda treni ya umeme katika stesheni ya Kihonda, na kabla ya saa mbili kutimia tulikuwa Dar es Salaam. Mama alifurahi sana. Tangu treni hiyo ilipoanza kubeba abiria kati ya miji hiyo miwili Juni 2024, safari iliyokuwa ya nusu siku barabarani imekuwa nyepesi kwa wagonjwa. Kutoka katikati ya mji hadi uwanja wa ndege ni kama kilomita 12 kwa Barabara ya Nyerere, na jioni ile foleni ilitufundisha kwamba kilomita 12 za mjini huweza kuchukua muda mwingi kuliko kilomita mia za reli.

Nyumba tuliyofikia ilikuwa katika mitaa iliyo jirani na uwanja. Hatutaitaja kwa jina, maana nia yetu si kumharibia mtu biashara. Kwenye simu tuliambiwa chumba ni shilingi 60,000, kina vitanda viwili, kiko chini, na chakula kipo wakati wote. Tulipofika tukakuta chumba kiko ghorofa ya pili, lifti hakuna, na kwa kuwa tuko watatu bei ni 75,000. Tulimweleza dada wa mapokezi kwamba tuna mgonjwa wa mguu. Alituangalia kwa huruma, lakini vyumba vya chini, alisema, vimejaa.

Tulikuja kuelewa baadaye ni nani waliovijaza. Usiku kucha watu walikuwa wakiingia wawili wawili na kutoka baada ya saa moja au mbili. Msomaji mtu mzima ametuelewa. Tuliona aibu mbele ya mama mkwe, lakini yeye alitutuliza: "Wanangu, mimi nimezaa watoto saba. Mnadhani sijui dunia?"

Chumbani kulikuwa na feni iliyozunguka kwa kelele, bafu lenye maji, na mashuka safi. Tuyataje na mazuri, maana ni haki. Chandarua kilikuwa na matundu matatu ambayo wifi aliyafunga kwa uzi. Friji haikuwapo. Chupa ya insulini iliyokwisha kufunguliwa huweza kukaa nje ya friji kwa muda wa majuma manne hivi, mradi joto lisizidi nyuzi 30, lakini joto la Dar es Salaam la Januari hupita hapo kwa urahisi. Tukaitia chupa ndani ya mfuko wa plastiki, tukaizungushia kitambaa kilicholowa maji na kuiweka penye upepo wa feni.

Kosa letu

Sasa tunafika mahali pagumu. Mama huchoma insulini ya mchanganyiko mara mbili kwa siku, nusu saa kabla ya kula. Saa 1 jioni tuliagiza wali na samaki. Mhudumu akasema, "Dakika ishirini tu, mama." Tukamwamini. Saa 1 na nusu tukamchoma Mama sindano yake.

Sisi ni wauguzi kwa kazi. Tulifundishwa chuoni, nasi tumewafundisha wengine wodini, kwamba usimchome mgonjwa insulini ya chakula kabla hujakiona chakula chenyewe. Nyumbani Mafiga hatujawahi kukosea, kwa sababu sufuria iko jikoni kwetu na tunaisikia ikichemka. Ugenini tuliegemea ahadi ya mtu tusiyemjua.

Saa 2 chakula hakijafika. Tukashuka, tukaambiwa kinakuja. Saa 2 na nusu tukaambiwa hivyo hivyo. Ilipokaribia saa 3 ndipo dada wa mapokezi alipokiri kwamba gesi ilikwisha na mpishi alikwisha kuondoka bila kuaga.

Tulipopanda tena chumbani, tulimkuta Mama amekaa ukingoni mwa kitanda, anatokwa jasho mpaka gauni limelowa. Mikono ilikuwa ikitetemeka. Alikuwa akizungumzia ziwa, kwamba maji yanaingia ndani ya ndege. Wifi alimshika bega akimwambia, "Mama, usiogope, Mungu yupo." Alidhani ni hofu, na kweli hofu ilikuwapo. Bukoba yote inakumbuka Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja, watu 19 wakafariki kati ya 43 waliokuwamo, na wavuvi wakawahi kwa mitumbwi kuwaokoa wengine. Mama alikuwa amekitaja kisa hicho njiani mara mbili.

Lakini jasho lile halikuwa la hofu. Tulimtoboa kidole, kipimo kikasoma 2.6. Chini ya 4 tayari ni hatari, kwa 2.6 mgonjwa huweza kupoteza fahamu wakati wowote.

Tukafungua mikoba yote kutafuta sukari. Haikuwapo hata chembe. Nyumba yenye mgonjwa wa kisukari tulikuwa tumeifundisha kuogopa sukari kiasi kwamba hatukubeba hata pipi moja! Tukakimbia chini. Duka la jirani lilikuwa limefungwa, na jiko la gesti lilikuwa na kufuli.

Chupa ya chai ya mlinzi

Aliyetuokoa ni mlinzi wa getini, mzee wa makamo mwenye koti kubwa. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua chakula chake cha usiku, chapati mbili na chupa ya chai. Alipotuona tunahangaika aliuliza kuna nini. Hatukumaliza kueleza. "Hii ina sukari nyingi," alisema, "mke wangu anajua napenda tamu." Akatupa chupa nzima, na chapati moja akaifunga kwenye karatasi.

Mama alikuwa bado anaweza kumeza. Tulimnywesha kikombe kizima, kidogo kidogo. Baada ya dakika 15 tulipima tena: 4.3. Tukampa chai nyingine na chapati. Saa 4 kasoro robo kipimo kilisoma 6.1, na Mama akauliza kwa nini wote tunamtazama hivyo.

Wifi alitoka nje ya chumba, nasi tukamfuata. Alisema kwa sauti ya chini, "Wifi, wewe ndiye unayejua mambo haya. Kama tungekuwa tumelala?" Tungeweza kumlaumu mpishi. Tungeweza kuilaumu gesi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini sindano haikuchomwa na mpishi. Tukamwambia, "Kosa ni letu. Tusamehe." Akanyamaza, kisha akasema naye anayo ya kusema: alikuwa miongoni mwa wale ambao hawakuchanga, na alikuwa amejificha nyuma ya kazi ya kusindikiza. Tukashikana mikono pale kwenye korido, huku wageni wa saa moja moja wakitupita wakitushangaa.

Usiku ule hatukulala. Tulimpima Mama kila baada ya saa mbili, maana insulini ya mchanganyiko hufanya kazi kwa saa nyingi na sukari huweza kushuka tena. Ndege zilipokuwa zikipita juu ya bati, madirisha yalitetemeka. Tulikumbuka habari ya Msamaria mwema. Wahubiri hutaja sana mafuta na divai, lakini aliyeachiwa kazi ya kumwuguza majeruhi yule ni mwenye nyumba ya wageni, na hakutajwa jina. Wetu alikuwa mlinzi wa getini.

Asubuhi

Saa 9 na nusu usiku mlinzi mwenyewe ndiye aliyetubebea mizigo na kumshika Mama mkono kwenye ngazi. Dereva wa teksi alitaka kutupeleka Jengo la Tatu, lile kubwa lililofunguliwa 2019. Tulimkatalia, maana Jengo la Tatu ni la safari za nje, na ndege za ndani kama za Mwanza na Bukoba huondokea Jengo la Pili. Abiria wengi hupotea hapo, na majengo hayo hayakukaribiana kiasi cha mgonjwa kutembea.

Kiti cha magurudumu tulikuwa tumekiomba siku tulipokata tiketi, nacho kilikuwa kinamsubiri. Sindano zilipita ukaguzi bila matata kwa sababu tulikuwa na barua ya daktari. Safari hii Mama alikunywa uji kwanza, tukauona ukiisha, ndipo tukamchoma. Kabla ya kuingia ndani alitugeukia akasema, "Mwambieni yule mzee, ziwa litanibeba salama. Chai yake bado iko tumboni."

Mchana wifi alipiga simu kutoka Bukoba. Walikuwa wamefika.

Sisi tulirudi gesti kurudisha chupa ya chai tukiwa tumeijaza. Meneja tulimweleza kwa upole yaliyotokea. Hakurudisha fedha, lakini aliandika kwenye daftari lake, na alikiri kwamba mgeni akiagiza chakula na kikashindikana anapaswa kuambiwa mara moja. Kisha tulifanya jambo ambalo tulipaswa kulifanya siku moja kabla: tulipanda daladala hadi Mbagala kuwasalimu ndugu. Walituuliza kwa nini hatukulala kwao. Tukawaambia ukweli. Walikasirika kidogo, kisha wakatupikia.

Mambo ya kukumbuka

Msomaji mpendwa, ukilazimika kulala karibu na uwanja wa ndege na mgonjwa au mzee, uliza haya kabla ya kulipa: chumba kiko ghorofa ya ngapi, bei ni ya watu wangapi, jiko hufungwa saa ngapi, na lango hufunguliwa saa ngapi alfajiri. Beba chandarua chako. Beba chakula cha mlo mmoja, hata kama umeahidiwa karamu. Kabla ya kupanga, waulize kwanza ndugu au mama wa kanisani anayeishi jirani na uwanja. Heshima yako haitapungua.

Kama mgonjwa wako anachoma insulini, iweke kwenye mkoba wa mkononi, usiipeleke kwenye mizigo ya chini ya ndege, huko huweza kuganda na kuharibika. Sahani iwe mbele yake ndipo umchome. Beba sukari. Akitokwa jasho, akitetemeka, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, mpe vijiko vidogo vitatu vya sukari katika maji, au nusu ya soda ya kawaida, kisha pima baada ya dakika 15. Sukari ikiwa bado iko chini, mpe tena. Ikipanda, mpe chakula. Akiwa amezimia usimtie kitu chochote mdomoni, mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

Tulipofika Mafiga jioni, baba wa nyumba alituuliza, "Mlilalaje?"

Tulivua viatu kwanza, tukaketi, tukamwambia yote.