Lugha ya Tahadhari Katika Barabara Inayojengwa: Mfano wa Mombasa, Kilifi na Malindi

Waswahili husema tahadhari kabla ya hatari. Msemo huu wafaa kuwa msingi wa kila barabara inayojengwa, kwani penye mitambo, vifusi na njia za muda, ajali haibishi hodi. Makala haya yanafafanua jinsi eneo la ujenzi linavyopangwa, na kudai kwamba usalama wake hautegemei kokoto na lami pekee, bali hutegemea lugha pia.

Mfano wetu ni barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi kupitia Mtwapa, Vipingo, Kilifi na Gede. Mnamo Disemba 2019, Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha ufadhili wa ushoroba wa pwani wa kuunganisha Malindi na Bagamoyo, ukiwemo upanuzi wa sehemu ya Mombasa hadi Kilifi. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, feri ilimlazimu kila dereva kusimama. Penye ujenzi, kinachomsimamisha aghalabu ni bango tu.

Kitaalamu, eneo la ujenzi lina sehemu nne: ya tahadhari, ambapo dereva huarifiwa mapema, ya mpito, ambapo koni humhamisha upande, ya kazi yenyewe, na ya kurejea njia ya kawaida. Ya kwanza ndiyo nguzo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kwa sekunde moja, na likifungwa breki huhitaji zaidi ya mara mbili na nusu ya umbali unaohitajika kwa mwendo wa kilomita 50. Sekunde inayopotea katika kulitafakari neno lisiloeleweka yaweza kugharimu uhai.

Je, neno hilo ni la lugha gani? Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, mabango mengi ya ujenzi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali mwendesha bodaboda na mwenda kwa miguu ndio walio hatarini zaidi. Tafsiri nayo yataka uangalifu. Neno "mchepuko", lililozoeleka Tanzania, mitaani limepata maana ya mpenzi wa kando. "Pita kushoto" huenda likamwokoa msafiri upesi zaidi.

Hoja hii inagusa mazingira vilevile. Vumbi lisiponyunyiziwa maji huingia majumbani na mashambani. Mashimo ya kuchimbia kifusi yasipofukiwa hugeuka madimbwi ya mbu. Kanuni za tathmini ya mazingira za 2003 zinataka mikutano ya hadhara isiyopungua mitatu, na tangazo la redio kwa lugha rasmi na za wenyeji. Mwananchi asiyeelewa ripoti hawezi kudai shimo lifukiwe.

Kwa hiyo, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tusiwaachie wahandisi kazi hii peke yao. Tukusanye istilahi za barabara, tuzijaribu kwa watumiaji wenyewe katika vituo vya Mtwapa na Malindi, kisha tuziwasilishe kwa wahusika. Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga ya kwanza ni neno linaloeleweka.